Mamdogo, nikasome siasa?

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, mtoto wa dada yangu alikuja nyumbani jioni, akavuta kigoda akaketi karibu na jiko. Alikuwa amesoma HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili, amepata daraja la pili, na kwenye simu yake alikuwa amefungua orodha ya kozi za vyuo vikuu. Akanisogezea kioo nione. "Mamdogo, mimi nataka kuwa mbunge. Nikasome sayansi ya siasa?"

Wali ulikuwa jikoni, wageni wako barazani. Nikamjibu neno moja: "Kasome." Akaondoka amefurahi. Mimi jibu lile limenikaa vibaya moyoni tangu siku hiyo, kwa sababu nilisoma kozi hiyohiyo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuanzia 2008 mpaka 2011, kwa ndoto hiyohiyo, na najua neno moja halitoshi. Haya ninayoandika ndiyo jibu nililopaswa kumpa. Nayaweka hapa kwa kuwa anayeuliza si yeye peke yake.

Nianze na katiba yetu ya Tanzania. Ibara ya 67 haimdai mtu shahada ndipo agombee ubunge. Inataka awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama wa chama cha siasa kilichompendekeza. Tena ukiwatazama waliokalia kiti kikubwa kuliko vyote, huoni njia moja. Mwalimu Nyerere alisomea ualimu Makerere, akaenda Edinburgh, akarudi mwaka 1952 na shahada ya M.A. Mzee Mwinyi alikuwa mwalimu. Mkapa alisoma Kiingereza, Kikwete uchumi, Magufuli kemia, na Rais Samia alipitia utawala wa umma Mzumbe. Wakenya wanaongozwa na Ruto, aliyesomea mimea na wanyama. Aliyekaa kwenye madarasa ya sayansi ya siasa pale Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, ni Museveni wa Uganda, naye aliingia Ikulu mwaka 1986 akitokea msituni.

Kwa hiyo, mwanangu, usiende chuoni ukidhani unakata tiketi ya kwenda Bungeni Dodoma.

Kozi hii inakupa kitu kingine, na mimi nilikipata wiki ya pili ya mwaka wa kwanza. Mhadhiri aliandika ubaoni maana ya siasa kama alivyoieleza Mmarekani Harold Lasswell mwaka 1936: nani anapata nini, lini, na kwa njia gani. Wenzangu walinakili wakafungua ukurasa mwingine. Mimi nilibaki palepale. Nilimwona mama yangu kule Muheza akiuza machungwa yakiwa bado maua mtini, kwa bei ya dalali, kwa sababu hela ya shule ilikuwa inatakiwa mwezi ule na machungwa yangeiva baada ya miezi. Nyumbani tuliita jambo lile shida, tukamwachia Mungu. Ubaoni palikuwa na maneno yanayolifungua. Dalali anajua bei ya Dar es Salaam, mama haijui. Dalali anaweza kupata Fuso la kubebea, mama hawezi. Dalali anaweza kungoja, mama hawezi kungoja. Kumbe ile ilikuwa siasa, na hakuna mgombea hata mmoja aliyekuwa amepita pale.

Hicho ndicho nilichokipata kwa miaka mitatu: jicho. Ukilipata jicho lile huwezi tena kuutazama mgao wa maji, foleni ya pembejeo au kikao cha harusi ukaona watu tu. Unaanza kutazama nani ameshika kalamu, nani anasubiri, nani hakuitwa.

Masomo yenyewe yalikuwa kwa Kiingereza, na hapa nataka nikae kidogo, maana naona hapazungumzwi vya kutosha. Siasa ya nchi hii inaendeshwa kwa Kiswahili, kuanzia kijiwe cha kahawa mpaka Bungeni. Mtu anaweza kumaliza miaka mitatu akiwa hodari wa kueleza mgawanyo wa madaraka kwa lugha ambayo hataitumia siku atakaposimama chini ya mwembe. Mimi niliokolewa na simu. Siku zile mitandao ilikuwa inatoa dakika za bei nafuu usiku, na mama alikuwa halali mapema. Nikawa namsimulia nilichosoma mchana, kwa Kiswahili, bila neno la kigeni, kwa sababu nikilitumia angeniuliza maana yake na dakika zingeisha.

Usiku mmoja nilimweleza kwamba kulikuwa na Mwingereza wa karne ya 17 aitwaye Hobbes, aliyesema watu wakiachwa bila mtawala watamalizana, kwa hiyo ni heri wakabidhi nguvu zao kwa mmoja awalinde. Mama alinyamaza. Nikasikia anachochea moto. Kisha akasema, "Na huyo mliyemkabidhi rungu akianza kuwapiga nyinyi, mnakwenda kumshtaki wapi?" Wiki mbili baadaye tulifika kwa Locke, Mwingereza mwingine aliyeuliza swali hilohilo, na nilipokuwa nasoma nilikuwa nasikia sauti ya mama. Tangu hapo kila dhana niliyoshindwa kumweleza mama niliihesabu kuwa sijaielewa. Mitihani nilijibu kwa Kiingereza, kuelewa nilielewa kwa Kiswahili.

Kuna mambo ya kozi yalinipita, siwezi kudanganya. Nadharia za uhusiano wa kimataifa nilizisoma nikafaulu nikazisahau. Lakini historia ya siasa yetu ilinishika shingo. Nilikuwa sijui kwamba mwaka 1965, uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, wapiga kura wa bara waliletewa wagombea wawili kwa jimbo, wote wa TANU, mmoja alama yake jembe na mwingine nyumba, na wananchi wakawaangusha hata mawaziri. Nilikuwa sijui kwamba mwaka 1972, katika mpango ulioitwa madaraka mikoani, halmashauri za wilaya zilifutwa, na kwamba hizi tulizonazo leo zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Unapokwenda halmashauri kudai huduma ni vizuri ujue kwamba chombo kile kiliwahi kufa kikafufuliwa, na kwa nini. Utakidai kwa namna nyingine.

Na tume ya Jaji Nyalali. Mwaka 1991 tume ile ilizunguka nchi nzima kuuliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Asilimia 80 hivi walisema chama kimoja. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikapita. Darasani tulibishana siku mbili. Mimi nilikuwa upande wa waliosema wananchi walidharauliwa: umeuliza, umejibiwa, umefanya lako. Mhadhiri akatukumbusha kwamba wengi wa hao waliosema chama kimoja walitaka chama hicho kibadilike sana, na kwamba haki ya wachache haipigiwi kura. Sikukubali siku ile.

Nilikuja kuelewa mwaka wa tatu, nilipokwenda kukusanya taarifa za utafiti wangu wa kuhitimu kwenye vijiji vya jirani na kwetu. Nilikuwa na dodoso la kurasa nne kuhusu ushiriki wa wanawake kwenye mikutano ya kijiji. Nilimkuta bibi mmoja anamenya mihogo, nikamwamkia, akanipa kigoda, nikaanza kuuliza. Je, huwa unahudhuria? Ndiyo. Je, huwa unachangia? Ndiyo. Je, maoni yako husikilizwa? Ndiyo, mwanangu. Maswali 22, ndiyo 22. Nilipofunga karatasi zangu akaniuliza kama nimetumwa na serikali. Nikamwambia hapana, mimi ni mwanafunzi, mtoto wa fulani wa kijiji cha pili. Akacheka, akanisogezea bakuli la mihogo nimsaidie kumenya, na wakati tunamenya akanieleza kwamba hajahudhuria mkutano tangu mumewe afariki, kwa kuwa mara ya mwisho aliposimama kuuliza juu ya shamba lake aliambiwa akae chini, atasemewa na shemeji yake.

Dodoso lile lipo mpaka leo, kwenye sanduku. Nyuma ya ukurasa wa nne nimeandika maneno yake ya wakati wa kumenya mihogo. Ukiingia kwenye siasa utaletewa takwimu nyingi za watu waliosema ndiyo. Uliza aliyeuliza alikuwa nani, na alikuwa amekaa wapi.

Sasa siasa ya chuoni. Nilipofika Mlimani nilidhani uongozi ni DARUSO, yaani serikali ya wanafunzi, mabango na hotuba za usiku. Wapo waliokomaa huko na siwapunguzii. Mimi nilichaguliwa CR, kiongozi wa darasa, kazi ambayo hakuna anayeipigania. Kazi ya CR ni kumfuata mhadhiri kuuliza kipindi kimehamishiwa Yombo chumba gani, kubandika orodha ya alama, na kukusanya hela za kutoa nakala. Tulikuwa zaidi ya 90. Kila mmoja alitoa shilingi mia tano mia tano, bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa wengine hawakutoa, na makabrasha yalitakiwa yatoshe wote. Nilinunua daftari la kaunta, nikapiga mistari: jina, tarehe, kiasi, sahihi. Kila Ijumaa nilibandika nakala ya ukurasa ule ukutani pamoja na risiti ya steshenari.

Muhula wa kwanza nilisemwa kwamba najionyesha. Muhula wa pili hela zilianza kuja bila kudaiwa. Wasioweza kulipa waliniambia faraghani nikawaandikia "baadaye", na hakuna aliyelalamika, kwa sababu kila mtu aliona hesabu. Nimesoma makala nyingi za wasomi juu ya uwajibikaji, lakini nilichokiona ukutani pale ndicho nilichokwenda nacho kijijini.

Chuo chenyewe kina historia ambayo kijana anayeota siasa anapaswa kuijua kabla hajapanda mlima ule. Kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake na wanafunzi wasiofika 20. Miaka mitano baadaye, Oktoba 1966, wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, hasa ule mkato wa mshahara. Baadhi yao walishika mabango ya kusema wakati wa mkoloni ilikuwa afadhali. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu 400, na papo hapo akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walikuja kurudishwa baadaye. Nimeisoma habari ile mara nyingi, na kila mara nabaki katikati. Kijana ana haki ya kuandamana. Lakini taifa lile lilikuwa linawasomesha wachache kwa kodi ya mkulima wa pamba na katani, na mkulima yule hakuwa na bango. Mtu akinieleza habari ile huku ana jibu rahisi, la upande wowote, najua hajaisoma vizuri.

Utaniuliza, na waliosoma kozi hii wanakwenda wapi? Wengi ninaowajua ni maafisa utumishi, watendaji wa kata, maafisa tarafa, watu wa mashirika, wawili watatu wako ubalozini. Wapo waliotoka upande wa ufundishaji wakaingia siasani moja kwa moja. Dk. Bashiru Ally alikuwa mhadhiri wa sayansi ya siasa Mlimani mpaka alipoteuliwa Katibu Mkuu wa CCM mwaka 2018, kisha 2021 akawa Katibu Mkuu Kiongozi. Marehemu Profesa Mwesiga Baregu, mwanazuoni wa sayansi ya siasa na mtu wa upinzani, alikuwa kwenye tume ya Jaji Warioba iliyokusanya maoni ya katiba mpya. Profesa Rwekaza Mukandala wa idara hiyohiyo ndiye aliyeongoza kikosi kazi cha mwaka 2022 kilichotazama demokrasia ya vyama vingi. Kwa hiyo njia ipo. Ila angalia: hao waliitwa kwa kile walichokuwa wamekijenga kwa miaka, na kuitwa hakuko mikononi mwako.

Mimi sikuitwa na mtu. Nilihitimu Novemba 2011, nikapiga picha na joho, nikarudi Muheza. Mama alikuwa na vipande viwili vya michungwa, na mimi nikaanza kuuza pembejeo kwenye kibanda kando ya barabara.

Wilaya yetu ardhi ni finyu. Mashamba makubwa ya mkonge yamekaa pale tangu enzi za Wajerumani na Waingereza, na vijiji vimebanana kandokando. Kwa hiyo mwaka 2013 uvumi ulipoanza kwamba eneo letu la akiba, lile ambalo vijana walikuwa wanaahidiwa, amepewa mtu mmoja kutoka mjini, kijiji kilichemka. Viongozi wakasema kila kitu kimefuata utaratibu, mkutano mkuu ulikaa, muhtasari upo.

Hapa shahada ilifanya kazi yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inasema halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi bila idhini ya awali ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni watu wote wa kijiji waliotimiza miaka 18. Wale wajumbe 15 mpaka 25 wa halmashauri, hata wakubaliane wote, hawatoshi. Nilikuwa nimeisoma sheria ile kwa ajili ya mtihani. Nikaenda ofisi ya kijiji nikaomba kuuona muhtasari. Nikaambiwa mtendaji hayupo. Nikarudi kesho yake, hayupo. Mara ya nne nilimkuta.

Ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko mzuri. Agenda, kufungua kikao, maazimio, na mwishoni orodha ya waliohudhuria, majina 117. Nikaisoma yote kwa kidole. Namba 41 lilikuwa jina la mama yangu, na pembeni yake sahihi. Mama yangu hatii sahihi, hupiga dole gumba. Na tarehe ile nilikuwa naijua vizuri, kwa sababu siku hiyo mama alikuwa hospitali ya Bombo, Tanga, na mimi ndiye niliyeketi naye kwenye benchi tangu asubuhi mpaka alasiri.

Nilitetemeka. Nilitoka pale na ushahidi mkononi nikiamini kazi imekwisha. Nikawaeleza vijana wa kijiweni, wakasema tutaona. Nikawaeleza wazee wawili, wakaniambia binti, mambo ya ardhi yana wenyewe. Nilikuwa na sheria, nilikuwa na ukweli, na sikuwa na mtu.

Aliyekuwa na watu ni mama. Kikundi chao cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, kilikuwa na wanawake 30, kinakutana kila Jumatano, kila mmoja ana kijitabu chake na kila mmoja anajua mwenzake amelala na deni gani. Mama alinipeleka. Sikuruhusiwa kusema mpaka hisa zimenunuliwa na mfuko wa jamii umechangwa. Kisha akanisimamisha akasema, "Waeleze kama ulivyokuwa unanieleza mimi kwenye simu." Nikawaeleza. Mmoja akauliza kama jina lake limo. Nikataja majina niliyoyakumbuka. Chumba kikabadilika. Wiki iliyofuata wanawake wale walikwenda wenyewe ofisini, kwa makundi ya watatu watatu, kila kundi likiomba kuona jina lake. Mkutano mkuu ulipoitishwa watu walijaa mpaka barabarani. Muhtasari ukasomwa kwa sauti, jina kwa jina, na aliyeitwa akawa anajibu alikuwepo au hakuwepo. Waliosema walikuwepo hawakufika hata nusu. Mgao ule ukabatilishwa pale pale.

Usiku ule nilikumbuka somo moja la mwaka wa pili ambalo nilikuwa nimelisoma kama hadithi. Mwaka 1955 TANU ilipotaka wanawake, ilimpata Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba hapo Dar es Salaam. Hakuanza na hotuba. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, wanawake ambao tayari walikuwa na watu wao, na ndani ya miezi michache wanawake 5,000 walikuwa wamechukua kadi. Wakati huohuo alikuwepo Lucy Lameck wa Moshi, aliyekwenda kusoma chuo cha Ruskin, Oxford, akarudi akawa mbunge na naibu waziri. Chuoni tuliwasoma kama watu wawili tofauti, mmoja wa ngoma, mmoja wa kitabu. Mimi naamini nchi hii iliwahitaji wote wawili, na kijana anayetaka siasa leo anapaswa kumtafuta yule ambaye yeye siye. Wewe, mwanangu, kitabu unacho. Ngoma yako iko wapi?

Mwaka uliofuata, 2014, nikagombea uenyekiti wa kijiji kupitia chama. Sitakitaja, na si lazima. Kwenye kura za maoni nilishindwa. Mpinzani wangu hakuwa mtu mbaya, lakini usiku wa kuamkia kura kulikuwa na pilau kwake, na nauli za wajumbe zililipwa mara mbili. Tabia hiyo ilikuwa na jina kwenye sheria zetu. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu kitu kilichoitwa takrima, ukarimu wa jadi wa mgombea kwa wapiga kura. Watetezi wa haki walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ikavifuta vifungu vile kwa kuwa vinambagua mgombea maskini. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Nilikuwa nayajua yote hayo kwa tarehe. Kuyajua hakukunizuia kulia. Lakini kulinizuia kuwachukia wale wajumbe, maana nilijua wanakula kwenye sahani ambayo taifa zima lilishawahi kuihalalisha.

Desemba ile nilichaguliwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Wakaniweka kamati ya Fedha, Uchumi na Mipango. Kitu cha kwanza nilichoomba kikao kikubali ni kubandika mapato na matumizi ukutani kila robo mwaka, pamoja na risiti. Walipinga vikao viwili, cha tatu kikapita. Daftari la kaunta nililinunua kwa hela yangu.

Kwa hiyo nikirudi kwenye simu ile na orodha ile ya kozi: ndiyo, kasome. Lakini masomo ya takwimu usiyakimbie kama nilivyoyakimbia mimi, nikaja kuyalilia mbele ya vitabu vya bajeti. Bajeti ya halmashauri ni kitabu kinene na majibu mengi ya siasa yamo humo. Pale ndipo utaona kama ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, imetengwa kweli au imeandikwa tu. Chukua na somo moja la uchumi au sheria kama watakuruhusu. Likizo usibaki Dar es Salaam kutafuta picha na waheshimiwa. Rudi, hudhuria vikao, jifunze kuandika muhtasari kwa Kiswahili safi, kwa sababu anayeandika muhtasari ndiye anayeamua kikao kilisema nini. Na umpigie mama yako usiku.

Haya yote sikumwambia siku ile ya wali. Nilichofanya ni kumtumia ujumbe kwamba Jumamosi kuna mkutano mkuu wa kijiji, saa nne, aje akae nyuma na aandike kila kitu: nani amesema, amesema nini, amejibiwa nini, na nani.

Alikuja mapema. Alinunua daftari jipya, amepiga mistari kwa rula. Mkutano ulichukua saa tatu, jua likawa kali, watu wakahama kufuata kivuli cha mwembe, naye anaandika tu. Ulipokwisha alinifuata akiwa na kurasa tano zimejaa majina. Nikazipitia. Wanaume 14, wanawake watatu, mmoja wao ni mimi.

Akaniuliza, "Mamdogo, ambao hawakusema kitu niwaandike wapi?"

Nikampa kalamu yangu, ya kwake ilikuwa imekwisha wino. Nikamwambia ageuze ukurasa.